Mvuvi hurudi na mwezi mpevu, mtoto haahirishi kukua

Mwanza. Ukisimama ufukweni Igombe au Kayenze usiku usio na mwezi, utadhani ng'ambo ya maji kuna mji mkubwa. Taa zimetapakaa ziwani hadi macho yanapokoma. Hakuna mji kule. Ni wavuvi wa dagaa wakiwa kazini, kila mtumbwi na taa zake. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za betri na sola.

Dagaa hukusanyika penye mwanga. Giza likiwa nene, taa ya mvuvi huwavuta kutoka mbali. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima linakuwa na mwanga na taa hiyo haina kazi tena. Ndiyo maana kila mwezi mpevu unapokaribia, mitumbwi mingi ya dagaa hupandishwa mchangani kwa siku kadhaa, mara nyingi wiki moja hivi. Nyavu zinashonwa, injini zinafunguliwa, madeni yanapigiwa hesabu. Mwenye nauli anapanda boti kwenda kuona familia yake Ilemela, Magu, Sengerema au Ukerewe.

Kwa familia hizo, kalenda ya baba iko angani. Mama hana haja ya kupiga simu kuuliza mwenzake anarudi lini. Anatoka nje usiku, anatazama juu, anajua.

Kinachosahaulika katika mpango huo ni kwamba mtoto mchanga hafuati kalenda hiyo.

Hesabu ya miaka miwili

Kutoka mwezi mpevu mmoja hadi mwingine ni siku 29 na nusu. Miaka miwili ya kwanza ya mtoto ina siku 730. Gawanya, utapata miezi mipevu 24, au 25 kama mtoto alizaliwa kwa bahati nzuri ya tarehe. Kwa hiyo baba asiyekosa hata safari moja, akiwa nyumbani wiki nzima kila anaporudi, atakuwa karibu na mwanaye siku 170 hivi kati ya 730. Ondoa siku za kusafiri. Ondoa mwezi ule ambao dagaa hawakupatikana na nauli haikuwepo, na ule ambao tajiri wa mtumbwi alitaka watu wabaki kambini kutengeneza vyombo.

Miaka hiyo miwili si ya kawaida. Ndiyo sehemu kubwa ya kile ambacho wahudumu wa afya wanakiita siku 1,000 za kwanza, zinazohesabiwa tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Hakuna kipindi kingine cha uhai ambapo mwili na ubongo hukua kwa kasi kama hiyo. Kituo cha Makuzi ya Mtoto cha Chuo Kikuu cha Harvard kinakadiria kuwa katika miaka michache ya mwanzo, ubongo wa mtoto hutengeneza miunganiko mipya zaidi ya milioni moja kwa sekunde.

Tafsiri ya jambo hilo kwa nyumba ya mvuvi ni rahisi. Mtoto aliyeachwa mwezi uliopita siye atakayekutwa mwezi huu.

Baba anaondoka mtoto ana wiki mbili, analala, ananyonya, analia. Akirudi, mtoto ana wiki sita na anatabasamu, na si lile tabasamu la usingizini bali la kumjibu mtu anayemsemesha. Kwa bahati, wiki ya sita ndiyo pia mtoto hupelekwa kliniki kwa chanjo zinazofuata zile za kuzaliwa. Kadi itaandikwa sindano na uzito. Tabasamu halina safu yake kwenye kadi.

Anaondoka mtoto anaanguka ubavu akikalishwa, anarudi anakuta amekaa peke yake mkekani na kijiko mkononi. Anaondoka anatambaa, anarudi anakuta anatembea na kudondoka kati ya mitungi. Shirika la Afya Duniani, katika utafiti uliofuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani na kutolewa mwaka 2006, lilionyesha kuwa mtoto mwenye afya anaweza kuanza kutembea bila kushikwa wakati wowote kati ya miezi 8 na karibu 18. Dirisha ni pana. Mzazi asiwe na hofu kwamba mtoto wa jirani ametangulia. Lakini siku yenyewe ni moja tu, na haitangazwi.

Shahidi ni mzazi peke yake

Mtoto mwenyewe hatakumbuka lolote kati ya hayo. Watu wazima wengi wakiulizwa jambo la zamani kabisa wanalolikumbuka, hutaja la umri wa miaka mitatu hivi, na hata hilo likiwa vipande. Kabla ya hapo ni kama ukurasa mtupu. Hatakumbuka mgongo uliombeba, harufu ya kanga, wimbo wa kumlaza, wala siku aliposhika maji ya ziwa kwa mara ya kwanza na kushangaa kwamba hayashikiki.

Kwa hiyo kumbukumbu ya miaka hiyo, kama itakuwepo, iko kwa aliyekuwepo na aliyekuwa anatazama. Asipokuwepo mtu wa kuiona, imepotea kwa wote wawili.

Hilo halimaanishi kwamba nyakati hizo hazimfai mtoto kwa kuwa atazisahau. Ni kinyume chake. Anasahau tukio, lakini namna alivyojibiwa inabaki katika jinsi anavyotulia, anavyoamini watu, anavyojifunza kuongea. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa nchini Desemba 2021 kwa ajili ya watoto wa hadi miaka minane, inaliita hilo malezi yenye mwitikio na imeliweka sambamba na afya, lishe, ujifunzaji wa awali na ulinzi. Neno ni la ofisini. Maana yake ni kwamba mtoto akitoa sauti, kuna mtu anamgeukia.

Wasukuma wana njia yao ya zamani ya kuhifadhi kilichotokea mara moja. Wanakiweka kwenye jina. Mabula amezaliwa wakati wa mvua. Kulwa na Doto ni pacha, na Shija ni aliyewafuata. Mtu anatembea miaka 70 akiwa amebeba jinsi alivyokuja duniani, ingawa yeye mwenyewe hakushuhudia. Wengine ndio walioshuhudia, wakamwita hivyo.

Aliyepo naye anaweza asiwepo

Ingekuwa rahisi kuishia hapa na kuwalaumu wavuvi. Haitakuwa haki. Baba wa kambini hayupo kwa sababu dagaa ndio ada, ndio bati, ndio maziwa ya mtoto huyo huyo. Tena wapo akina mama wanaokwenda visiwani kuanika dagaa na kuacha watoto kwa bibi. Na wapo wazazi wengi mjini wanaolala nyumba moja na watoto wao kila siku, wasiwaone.

Mama anayechuuza Mwaloni Kirumba anaamka mtoto amelala, anarudi mtoto amelala. Kondakta wa daladala vivyo hivyo. Mfanyakazi wa ofisini anarudi mapema kiasi, lakini macho yako kwenye simu, na mtoto anamvuta suruali mara tatu kabla ya kujibiwa "ngoja kidogo".

Mwaka 1978 mtafiti wa Marekani, Edward Tronick, na wenzake walichapisha jaribio ambalo hadi leo linafundishwa kwa wanaosomea malezi. Mama alicheza na mtoto wake mchanga kwa dakika chache, kisha akaambiwa anyamaze na kumtazama bila uso wake kuonyesha chochote. Hakuondoka. Hakukasirika. Alikaa palepale, uso umekufa. Watoto waliona mara moja. Walitabasamu, wakanyoosha mikono, wakajaribu kila walichokijua ili mama arudi, na aliposhindwa kujibu wakageuza nyuso zao na kunywea.

Jaribio hilo lilifanyika miaka mingi kabla ya simu ya mkononi. Ila mzazi yeyote anayesoma makala haya kwenye simu, mtoto akiwa pembeni, anajua uso unaozungumziwa ni upi.

Habari njema iliyomo ndani yake, ambayo mara nyingi haisimuliwi, ni kwamba mama alipoanza tena kucheka na kuongea, watoto walirudi kwake taratibu. Hakuna mzazi anayeweza kumtazama mtoto saa 24, wala hatakiwi. Kinachomsaidia mtoto ni kwamba uso unarudi.

Baba ameingia, mtoto analia

Kuna tukio ambalo familia za wavuvi zinalijua vizuri na linaumiza kuliko linavyostahili. Baba anashuka kwenye boti na mfuko wa mkate na nguo mpya. Amekuwa akimfikiria mtoto wiki tatu. Anafika, anamnyanyua, na mtoto anapiga yowe na kujificha kwa mama. Majirani wanacheka. Baba naye anacheka, lakini jioni hiyo anaondoka kwenda kijiweni.

Mtoto huyo hana tatizo. Kuanzia miezi sita hadi tisa hivi, watoto wengi huanza kuwaogopa watu wasiowaona kila siku. Ni dalili kwamba akili yake sasa inatofautisha uso wa nyumbani na uso mgeni. Wiki tatu kwa mtu mzima ni muda mfupi. Kwa mtoto wa miezi minane ni sehemu kubwa ya maisha aliyoyajua.

Njia ya kurudi kwake ipo. Baba asimnyakue. Akae chini, kimo cha mtoto, aongee na mama kwanza huku mtoto akisikia sauti. Amwache mtoto asogee mwenyewe, aguse kiatu, achukue kifuniko cha chupa. Kwa wengi nusu siku inatosha, wengine siku mbili. Baba anayekasirika siku ya kwanza anapoteza ya pili na ya tatu, na zilikuwa saba tu.

Sauti pia inaweza kutangulizwa. Mtandao ukikubali kisiwani, simu ya video ya dakika tano kabla mitumbwi haijatoka jioni inamfanya baba asiwe mgeni kamili. Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, ambacho kinashauri watoto wa chini ya miezi 18 waepushwe na skrini, kinaiacha simu ya video kuwa ndiyo pekee inayoruhusiwa, kwa sababu upande wa pili kuna mtu anayejibu. Katuni haijibu.

Na katika siku hizo saba, kazi moja ya kumhudumia mtoto iwe ya baba kabisa, siyo ya kusaidia. Kumwogesha jioni, kwa mfano. Kuoga kuna maji, kuna kelele, kuna ngozi kugusana, na hakuna mkono wa kushikia simu.

Suala la kurekodi lina utata wake. Picha zinafaa, hasa kwa baba aliye mbali. Lakini mwaka 2014 mtafiti Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, alichapisha matokeo ya jaribio la jumba la makumbusho: watu waliopiga picha vitu vizima walivikumbuka kwa uchache kuliko vile walivyovitazama tu. Ni kana kwamba ubongo uliikabidhi kamera kazi. Mtoto akiinuka kutembea, mzazi anayekimbilia simu huenda akapata video ya hatua ya tano na asikumbuke ya kwanza. Mtu mmoja arekodi, mwingine atazame. Au isirekodiwe kabisa, ihadithiwe.

Siku 3 za baba wa mjini

Kwa walioajiriwa, sheria imeweka kitu, ingawa kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi kazini, mwajiri anatakiwa kumruhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Baba ana siku zisizopungua 3, na zichukuliwe ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Wapo akina baba wanaoziacha zipite kwa kuona aibu kuomba likizo "ya uzazi". Wengine wanazichukua na kuzimalizia kwenye vikao vya kupongezwa. Siku tatu zinatosha kujua mtoto analia vipi akiwa na njaa na vipi akiwa na usingizi, kwa atakayekaa kusikiliza.

Muda wakati mwingine unaongezeka bila sheria. Tangu Daraja la JP Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 lizinduliwe kati ya Kigongo na Busisi, 19 Juni 2025, anayefanya kazi Mwanza na familia yake ikiwa Sengerema hapangi tena foleni ya kivuko. Safari iliyoweza kula saa kadhaa, na usiku kukwama kabisa, sasa ni dakika chache za gari. Nani anapata saa hizo zilizookolewa, mtoto au kijiwe, ni swali la kila nyumba kujiuliza.

Kuaga

Ziwa hili limefundisha watu wake kwamba kuagana si jambo la kupitisha. MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na mamia ya watu waliokuwa wameagwa bandarini jana yake hawakuonekana tena wakiwa hai. Makaburi yao yako Igoma. MV Nyerere ilipinduka 20 Septemba 2018 ikiwa jirani kabisa na Ukara, na zaidi ya watu 220 walikufa, wengi wakitoka gulioni.

Bado, katika nyumba nyingi baba huondoka kwa kunyata mtoto akiwa amelala, ili asilie. Nia ni njema. Tatizo ni kwamba mtoto wa miezi tisa au kumi akiamka anamtafuta, na asichokipata kinamfundisha kwamba watu hupotea bila kusema. Wengine huanza kuogopa kulala. Ni afadhali alie akiwa ameshikwa na mama, baba akiwa amemwambia kwa jina kwamba anaenda na atarudi, akampungia mkono, akaondoka bila kurudi nyuma mara tatu. Kilio hicho ni cha dakika chache. Mtoto wa miaka miwili anaweza hata kuonyeshwa mwezi mwembamba na kuambiwa ukiwa mviringo baba yuko njiani. Atauchungulia kila usiku, ikiwemo usiku wa mawingu.

Mara za kwanza angalau zina watu wa kuzishangilia. Za mwisho hazina. Mama hajui ni jioni ipi alimfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko kwa mara ya mwisho. Anakuja kugundua miezi baadaye, mtoto anakimbia mbele yake kuelekea kisimani, mbeleko imekuwa ya kufunikia unga. Siku ya mwisho ya kunyonya hupita hivyo hivyo, hata kwa mama aliyefika miaka miwili kama inavyoshauriwa. Baba naye kuna siku atamshusha mtoto begani, asimpandishe tena.

Akina mama wachache wameanza kutumia nafasi zilizo wazi kwenye kadi ya kliniki, au daftari la shule la kurasa 40, kuandika mstari mmoja kwa kila mwezi mpevu: tarehe, na kitu kimoja ambacho mtoto amefanya. Baba akirudi, anasoma. Akiwa hajui kusoma, anasomewa, mtoto akiwa amekaa kati yao akijaribu kula kona ya daftari.